Mlango Uliofichwa Ndani ya Mashine ya Gemu

Washa PlayStation 5 utafute kivinjari. Utazunguka menyu mpaka uchoke, huoni kitu. Ndani ya boksi lile kuna prosesa ya AMD yenye viini vinane, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski ya kasi inayoanzia gigabaiti 825, ubavu ambao kompyuta nyingi za maofisini haziusogelei. Lakini iombe ikufungulie tovuti ya gazeti tu, inakukazia macho.

Cha ajabu, mashine za gemu zilipokuwa dhaifu ndipo zilipojinadi kwa intaneti.

Tamaa ya kuitwa kompyuta ni ya siku nyingi. Nintendo ilipotoa mashine yake Japani mwaka 1983 iliipa jina Family Computer, kompyuta ya familia, ingawa kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Barua ya ukurasa mmoja ingetosha kuijaza. Mwaka 1988 ikapata modemu, na wateja wa kampuni ya Nomura wakawa wananunua na kuuza hisa wakiwa sebuleni, padi mkononi. Mwaka 1996 Apple na Bandai wakaleta Pippin, kompyuta ya Macintosh iliyovaa nguo za gemu. Ilikuwa na modemu na kivinjari. Bei yake Marekani, dola 599. Nintendo 64 iliuzwa dola 199. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu, na Pippin ilizikwa mapema.

Iliyojaribu kwa moyo wote ni Dreamcast ya Sega, iliyotoka Japani Novemba 1998 na Marekani Septemba 1999. Modemu haikuwa ya kununua pembeni, ilikuja nayo. Kwa michoro ya gemu ilishindana na kompyuta za bei kubwa mara kadhaa, kwa kuwa chipu yake ya picha haikuwa na kazi nyingine. Kwenye tovuti mambo yalibadilika. Haikuwa na diski kuu, kwa hiyo kivinjari kilikaa kwenye diski ya kutumbukiza, kama gemu nyingine yoyote. Kompyuta ikifungua ukurasa huweka akiba ya picha kwenye diski kuu. Dreamcast ilibidi ibane kila kitu ndani ya kumbukumbu ya megabaiti 16. Cha kuhifadhi kilikwenda kwenye kadi ya kilobaiti 128.

Na kulikuwa na TV. Wanaozikumbuka zile zenye chogo wanajua: picha huchorwa nusu ya mistari, kisha nusu nyingine, na herufi nyembamba hutetemeka kama moto wa kibatari. Kingo za ukurasa humezwa na fremu. Skrini ya kompyuta unaikabili kwa urefu wa mkono. TV umeiacha ng'ambo ya sebule. Kuandika anwani ya tovuti bila kibodi kulikuwa ni sogeza, bonyeza, sogeza, bonyeza, ukikosea herufi moja unarudi nyuma. Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kuitengeneza.

Mwaka huohuo Microsoft ikatoa Xbox. Ukiifungua kwa bisibisi unakutana na kompyuta waziwazi: prosesa ya Intel ya megahezi 733, chipu ya picha ya Nvidia, megabaiti 64 za kumbukumbu, diski kuu, na tundu la kebo ya mtandao. Kivinjari? Hapana. Mashine iliyofanana na kompyuta kuliko zote ndiyo iliyonyimwa. Wadukuzi wakaipachika mfumo endeshi wa Linux, wengine wakaandika programu ya kuchezeshea video, ambayo leo inaitwa Kodi na iko kwenye TV nyingi tu.

Sony nayo ilifika hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya ikidai PlayStation 2 isihesabiwe kwenye ushuru kama mashine ya gemu, ihesabiwe kompyuta. Mwaka 2002 iliuza hata seti ya Linux yenye kibodi, mausi na diski ya gigabaiti 40. Kwenye vibanda vyetu vya gemu mjadala huo haukufika. PS2 zilizochipiwa, yaani zilizowekewa chipu ya kuchezesha gemu za kunakili, zilipangwa mstari, wateja wakalipia mechi. Aliyetaka intaneti alijua njia ya kwenda intaneti kafe.

PlayStation 3 ya 2006 ilikuja na kivinjari na ruhusa ya kupakia Linux. Jeshi la Anga la Marekani likaunganisha zaidi ya mashine 1,700 kuwa kompyuta moja kubwa. Aprili 2010 Sony ikaifuta ruhusa ile kwa sasisho la programu. Kampuni iliyokwenda mahakamani kudai hadhi ya kompyuta sasa inakata mkono wa kompyuta. Wii ya Nintendo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyopatia zaidi: unaielekezea TV rimoti kama unayenyoosha kidole, kishale kinafuata. Kivinjari chake kilikuwa cha Opera, Wanorwei walewale waliotuletea Opera Mini kwenye simu za Nokia.

Simu ndizo zilizomaliza ubishi. Nani ataandika kwa padi ilhali simu iko mfukoni? Halafu kuna usalama. PlayStation 4 ya 2013 ilikuwa na prosesa ya familia moja na za kompyuta, na kivinjari chake kikawa ufa ambao wadukuzi walipitia mara kwa mara kufungua mashine na kuchezesha gemu zisizolipiwa. Sababu hiyo naikubali, ila si yote. Mashine hizi huuzwa kwa faida finyu, wakati mwingine kwa hasara, fedha ikirudi kwenye duka la gemu; mlango wa kutokea dukani haumfaidi mwenye duka. Kwenye Nintendo Switch na PS5 kivinjari kimo, kimefichwa, hujitokeza kwa kazi chache kama kuingia kwenye akaunti au mtandao wa hotelini. Microsoft peke yake ndiyo iliyokiacha wazi kwenye Xbox zake za baadaye.

Mwaka 2022 kampuni ya Valve ikageuza sarafu na Steam Deck: kompyuta ya Linux iliyokatwa ukubwa wa kushikika mkononi. Unahama upande wa gemu kwenda upande wa kompyuta, unapakua kivinjari cha Firefox, unafungua tovuti yoyote utakayo. Anwani unaiandika kwa vidole gumba, herufi moja moja.