Mwalimu aliyeacha mshahara

Sisi wa ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika tunamujua Julius Nyerere kama rais wa jirani. Lakini watu wanamuita Mwalimu, na hilo si jina la sifa bure. Alifundisha kweli, kule Tabora, kisha Pugu karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipaswa kuchagua: darasa ao chama cha TANU. Akaacha mshahara. Sisi walimu wa Kongo, tuliolishwa miaka mingi na wazazi wa wanafunzi, tunajua uzito wa neno hilo.

Kinachonishangaza zaidi ni mwaka 1962. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Kisha wiki sita tu, akaacha kiti cha waziri mkuu kwa Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka mu vijiji na kuzungumuza na watu. Kwetu nani angefanya vile? Desemba akarudi, sasa rais. Mwaka 1970 aliuita mwaka wa elimu ya watu wazima: wazee na wamama wakakaa ku mabenchi, wakashika kalamu.

Yote hayakuwa mazuri. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa. Hapo Mwalimu alishika fimbo.

Aliacha urais mwaka 1985, bila kupinduliwa. Alipokufa London, tarehe 14 Oktoba 1999, alikuwa angali mpatanishi wa Warundi kule Arusha. Nelson Mandela akapokea kazi ile, na mapatano yakatiwa sahihi Agosti 2000.