Kahawa ya Kilimanjaro na Sikio la Serikali

Mbuni, ambao mapadre wa Kikatoliki wa Kilema waliupanda katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ndio ulioujenga mji wa Moshi, ukasomesha watoto wa Kichaga na kuezeka nyumba kwa mabati kutoka Rombo hadi Machame. Na kwa kuwa baraka hiyo imezoeleka, wengi hawakumbuki tena kwamba palikuwa na watu waliofanya kila juhudi ili mwenyeji wa mlima aharimishiwe kuupanda, na kwamba silaha yao ilikuwa ni kusikilizwa na watunga sheria.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, nchi ya Tanganyika ilipotiwa mikononi mwa Waingereza kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwahimiza Wachaga wapande mibuni katika vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wa Kizungu, waliokuwa na mashamba makubwa ya kahawa katika miteremko ya chini, walilipokea jambo hilo kwa ghadhabu, wakalipinga mbele ya serikali kwa hoja tatu: kwamba mwenyeji hawezi kuitunza mibuni yake, na kwa hiyo wadudu na maradhi yatatoka kihambani na kuyaingia mashamba yao, kwamba wezi watapata njia ya kuuza kahawa iliyoibwa, na kwamba ubora wa kahawa ya Kilimanjaro utashuka na kuharibu jina lake katika masoko ya Ulaya. Hoja zote tatu zilivaa vazi la maslahi ya umma, lakini chini ya vazi hilo ilikuwapo hofu ambayo kila kibarua aliijua, yaani kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hatashuka bondeni kupalilia kahawa ya mwingine kwa ujira mdogo. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huivutia kwake.

Wala hofu hiyo haikukosa mfano wa kuigwa, kwa maana ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, walowezi walikuwa wakichagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1920, na huko Mwafrika alizuiliwa kulima kahawa mpaka katika miaka ya 1930, ndipo wachache walipoanza kuruhusiwa. Tanganyika nayo ilipopata baraza lake mwaka 1926, viti vya wasio maofisa wa serikali vilikwenda kwa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika hakupewa hata kimoja. Basi aliyetaka kuzuia jirani yake asilime aliweza kuketi mahali sheria inapotungwa, hali jirani huyo hakuwa na mlango wa kubisha.

Jawabu la Wachaga lilikuwa la hekima. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wenyeji, KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake wa kwanza, wakanunua kwa pamoja dawa na mabomba ya kunyunyizia, wakauza kahawa yao kwa pamoja. Na kwa kazi hiyo wakaivunja hoja ya maradhi kwa vitendo, huku wakipata ulimi mmoja wa kusemea na serikali. Katazo walilolitaka walowezi halikupitishwa Kilimanjaro.

Hata hivyo historia haimruhusu mtu kuishia hapo kwa furaha. KNPA ilipokwisha na mahali pake pakashikwa na ushirika wa KNCU, ulioanza kazi mwaka 1933 chini ya meneja Mzungu, A. L. B. Bennett, haukupita muda ila ushirika huo wenyewe ukapata sikio la serikali; na mwaka 1934 ikaidhinishwa amri kwamba kila Mchaga auze kahawa yake kwa KNCU peke yake. Wakulima walioona bei imeanguka, na amri imewafungia mnunuzi mwingine yeyote, walilalamika na kushitaki bila kuridhishwa, hata mwaka 1937 maghala ya ushirika yakavamiwa na serikali ikatumia nguvu kuituliza ghasia. Chombo kilichozaliwa kumlinda mkulima na upendeleo kilikuwa kimeonja upendeleo.

Mwafrika aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945 tu, na mmoja wa wawili wa kwanza alikuwa Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwenda kwenye mzizi wa jambo lenyewe, likamkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kwani anayetoza kodi na kupanga bei hawezi kuwa mwadilifu ikiwa faida yake imo katika kile anachokipanga. Miiko hiyo ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Miaka michache baadaye biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa makampuni binafsi, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali zake.

Kutangaza mali ni jambo jema, lakini halitoshi, kwa sababu fitina ya walowezi haikuwa ya siri: kila mtu alijua mlowezi ana shamba, na bado alisikilizwa kama shahidi asiye na upande. Hapo ndipo iliko ibra kwa Bodi ya Kahawa na kwa kila baraza linalopanga leseni, bei na minada: mwenye faida katika shauri aseme hoja zake hadharani, mbele ya wale watakaozilipia, kisha atoke kabla ya uamuzi kupitishwa, awe ni kampuni ya kigeni, au mwanasiasa, au ushirika wetu wenyewe. Na mkulima wa kihamba aitwe kwanza, kwani yeye ndiye ambaye kila amri ya kahawa humfika kwa kilo na kwa shilingi.