Mimba iliyotunga nje ya kizazi: ultrasaundi inaigunduaje?

Wasikilizaji wetu wengi wanaijua ultrasaundi kama mashine ya kuangalia mtoto ni wa kike au wa kiume. Sisi tunaona kazi yake kubwa zaidi iko mapema, kabla tumbo halijaonekana: kujua mimba imetunga wapi.

Katika mimba 1 hadi 2 kati ya kila 100, yai lililorutubishwa halifiki ndani ya kizazi. Mara nyingi hukwama kwenye mrija wa uzazi. Mrija ni mwembamba, hauwezi kutanuka kama kizazi. Mimba ikikua, mrija unaweza kupasuka na damu ikavujia tumboni, mahali ambapo hakuna anayeiona.

Kipimo cha mkojo kitakuambia una mimba, basi. Hakisemi iko wapi.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi kama eksirei. Mtaalamu hupaka jeli tumboni na kupitisha kifaa juu yake. Mimba ikiwa changa anaweza kutumia kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, maana hicho hukaribia kizazi na huona vizuri zaidi. Wengi hushtuka wakiambiwa hivyo, lakini hakidhuru mimba, na unaweza kuomba mhudumu wa kike awepo.

Kwanza hutafuta kifuko cha mimba ndani ya kizazi, ambacho kwa kawaida huonekana kuanzia wiki ya 5 au 6 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kizazi kikiwa kitupu, hutazama kama kuna uvimbe karibu na ovari, au majimaji nyuma ya kizazi, ambayo huenda ni damu. Asipoona kitu popote, haimaanishi uko salama. Pengine mimba bado ni changa mno. Hapo hupimwa homoni ya mimba kwenye damu, kipimo hurudiwa baada ya saa 48, na picha hupigwa tena. Tarehe hiyo ya kurudi isikupite, hata kama maumivu yametulia.

Ikigunduliwa mapema, baadhi hutibiwa kwa dawa ya methotreksati bila kupasuliwa. Kuihamishia mimba kizazini haiwezekani.

Hedhi ikichelewa, kisha ukapata maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, matone ya damu, kizunguzungu au maumivu ya bega (ndiyo, bega, kwa sababu ya damu iliyovuja tumboni), usingoje kukuche. Aliyezimia asizungushwe kutafuta picha; apelekwe moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji.