Mtu Aliyetunga Wimbo Tuuimbao Kila Siku

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mtunzi mmoja wa muziki, na jinsi mzazi awezavyo kumfundisha mtoto nyumbani kumjua mtunzi huyo na kuipenda kazi yake. Labda wengine watasema, "Sisi hatuna kinanda, wala fedha za kumlipa mwalimu." Ngojeni kwanza. Mtunzi nitakayemtaja aliwafikia Waafrika kwa sauti za watu tu, nasi twaweza kumfikia kwa njia iyo hiyo.

Jambo hili lilinianza kwa swali. Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani katika nyumba moja ya Gerezani, mjini Dar es Salaam, saa ambayo wachukuzi hurudi kutoka Kariakoo na mikokoteni mitupu. Mtoto wa nyumba ile alikuwa akifagia ua, huku akiimba Mungu Ibariki Afrika kama aimbavyo shuleni. Mara akausimamisha ufagio, akamwuliza babu yake, "Babu, wimbo huu aliutunga nani?"

Mzee akajibu, "Serikali, mjukuu wangu."

Mtoto akasema, "Lakini babu, serikali ina watu wengi. Ni yupi kati yao?"

Baraza zima likanyamaza, nami nikanyamaza pamoja nao. Sote tulikuwa tumeuimba wimbo ule tangu utoto, tukiwa tumesimama wima. Wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu mtoto.

Wakaao Gerezani na Kariakoo wasione ajabu kwamba kazi ya mtu hubaki na jina lake likapotea. Majina ya mitaa yao wenyewe yawafundisha jambo hilo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, wapagazi wa jeshi walipigishwa kambi mahali palipo soko sasa. Jeshi lile la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wakalitamka Kariakoo. Wapagazi walichukua vichwani chakula na risasi kwa mamia ya maili, na maelfu yao walikufa kwa maradhi na uchovu. Kariakoo twaitaja kila siku tuendapo kununua vitunguu. Lakini ni nani awezaye kutaja hata wapagazi watatu kwa majina yao? Basi mtunzi wa wimbo wetu alikuwa karibu kupatwa na mambo yale yale.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Alikuwa Mxhosa, aliyezaliwa katika Afrika ya Kusini, upande wa mashariki wa Rasi, yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu, kisha akaenda kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mji uliokuwa ukikua upesi kwa sababu ya machimbo ya dhahabu. Hakuwa tajiri wala mtu mwenye cheo. Alikuwa mwalimu wa shule, kiongozi wa kwaya, tena mpiga picha. Nyimbo zake alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake, akaziandika katika daftari.

Mwaka 1897 alitunga wimbo uitwao kwa Kixhosa Nkosi Sikelel' iAfrika, maana yake, Bwana Ibariki Afrika. Alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio, pamoja na muziki wake. Miaka minane baadaye, mwaka 1905, alifariki dunia, naye alikuwa kijana bado, wa miaka thelathini na kitu. Hakujua kwamba wimbo wake ungevuka hata mto mmoja.

Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kutoka darasani. Kwaya ziliuchukua, zikauimba mbele ya makutano. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein na kuanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, wimbo huo uliimbwa katika mkutano wao. Mwaka 1923 mwandishi Solomon Plaatje aliuimba huko London, ukatiwa katika santuri. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Hivyo wimbo ulizidi kukua, ukienda kinywa kwa kinywa kuelekea kaskazini.

Sasa turudi kwetu. Katika Mtaa wa Lumumba, si mbali na Gerezani, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wimbo uliochaguliwa kuwa wa taifa ulikuwa na muziki ule ule wa Sontonga, wenye maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliutwaa muziki huo mwaka 1964, ikautilia maneno yake yenyewe. Afrika ya Kusini ikauingiza katika wimbo wake wa taifa baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa. Kazi ya mwalimu mmoja wa shule, iliyoandikwa daftarini, leo huwasimamisha marais na majeshi.

Na yeye mwenyewe je? Kaburi lake lilipotea. Watu walilitafuta kwa miaka mingi wasilione, hata ikajulikana kwamba katika vitabu vya makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch, si kwa jina la Sontonga. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela aliizindua nguzo ya ukumbusho mahali pale, miaka tisini na mmoja baada ya mazishi. Fikirini: wimbo ulijulikana katika nchi nyingi, na mwenyewe amelala bila alama!

Basi, wazazi, twaweza kufanya nini nyumbani? Nitataja mambo matatu, na yote hayana gharama.

La kwanza, mwambieni mtoto jina. Kama vile tumwambiavyo jina la babu wa babu yake, tumwambie pia, "Wimbo huu aliutunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule, mwaka 1897." Mtoto akijua kwamba kitu kizuri kilifanywa na mtu, atajua pia kwamba hata yeye aweza kufanya kitu kizuri.

La pili, mfundisheni kusikiliza. Kuimba kila asubuhi si kusikiliza. Pengine desturi huziba masikio. Mketisheni mtoto jioni, mwimbieni wimbo pole pole, kisha mwulizeni: Ni wapi sauti yapanda, na ni wapi yashuka? Palipo na maneno yanayorudiwa, je, sauti nayo yarudi vile vile, au imebadilika? Msimpe jibu. Mwacheni aimbe tena mpaka alipate mwenyewe. Atakapolipata, mtaona uso wake. Kisha, kama nyumbani wako watu wa kutosha, gawaneni sauti: mama na watoto washike sauti ya juu, baba na kaka washike ya chini. Muziki wa Sontonga ulitungwa kwa ajili ya kwaya, na utamu wake hautimii mpaka sauti ziwe nyingi na kupatana.

La tatu, mfundisheni herufi za muziki. Hizo ni do, re, mi, fa, so, la, ti. Njia hii ilianzishwa na mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, na John Curwen akaitengeneza na kuieneza katika karne ya 19. Wamisioni waliileta Afrika kwa kuwa haihitaji ala yo yote, na yaweza kupigwa chapa kwa herufi za kawaida. Sontonga mwenyewe aliandika kwa njia hii. Kila sauti ina ishara ya mkono: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, kikitazama chini, so ni kiganja kinachomtazama mwimbaji, la ni mkono ulioning'inia kutoka kiwiko cha kiganja. Mtoto hupenda ishara hizi kama mchezo, na kwa mchezo huo hujifunza kusoma muziki kama asomavyo kitabu.

Nao watunzi wa nchi nyingine, kama Bach na Mozart, mtoto ataweza kuwasikiliza baadaye kwa masikio yale yale. Lakini aanze na yule ambaye wimbo wake u kinywani mwake tayari. Mwenye kisima uani haanzi kwa kwenda mtoni.

Nami nilirudi Gerezani juma lililofuata, nikampa mtoto yule jibu lake. Alilisema jina mara tatu, akalikosea mara mbili. Kisha akamgeukia babu yake, akasema, "Babu, alikuwa mwalimu." Mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini, akasema, "Basi leo tuuimbe tukijua." Tukasimama barazani, tukauimba.