Trekta Kuukuu na Daftari Lake: Historia ya Kilimo cha Mashine Nyumbani Kwetu



Kila mwaka katika kijarida hiki cha harambee tunasoma habari za madarasa, zahanati na visima. Mwaka huu kamati imetuomba sisi tunaoshika hesabu za chama tuandike habari za trekta. Sababu mnaijua. Trekta la chama, Massey Ferguson 135, lile ambalo wekundu wake umefifia hadi kufanana na udongo, limesimama chini ya mwembe misimu miwili sasa. Katika mkutano mkuu uliopita zilitolewa hoja mbili: liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au lichangiwe litengenezwe. Hatukuafikiana. Tumeona kwamba kabla ya kupiga kura ni vizuri tukumbushane tulikotoka. Trekta si jambo geni kwetu, na makosa yanayoliua si mageni pia.

JEMBE, NGOMA NA PLAU

Wazee wetu walilima kwa jembe la mkono na kwa ngoma. Bugobogobo, ambayo leo tunaicheza kwenye harusi na sherehe za kitaifa, ni ngoma ya shambani: watu wamejipanga mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na kazi inakwenda. Waliujua udongo wao kwa majina. Luseni, udongo wa kichanga, unalimika kirahisi lakini unachoka upesi. Itogolo ni mgumu chini. Mbuga, ule mweusi, una rutuba, lakini ukilowa unanasa mguu, na ukikauka unapasuka nyufa.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda pwani. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ikaanza kuenea, na kufikia miaka ya 1950 kaya nyingi za Usukuma zilikuwa zinaimiliki au zinaiazima kwa jirani. Tufanye hesabu ndogo. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Plau ya ng'ombe ikikata upana wa sentimita 20, mlimaji anatembea kilomita 20 nyuma ya ng'ombe kumaliza ekari moja. Ni kama kutoka katikati ya mji wa Mwanza kwenda uwanja wa ndege kwa miguu na kurudi, huku umeshikilia plau. Trekta lenye plau ya sahani tatu, likikata sentimita 80, linakwenda kilomita 5 tu kwa ekari ile ile. Kwa hesabu hii mtu haoni ajabu kwamba mlio wa trekta ulipoanza kusikika vijijini, watu waliacha majembe wakaja kutazama.

MASHINE NYINGI, KARANGA CHACHE

Jaribio kubwa la kwanza la kilimo cha matrekta nchini halikufanyika kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulilenga ekari zaidi ya milioni tatu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika punde, kwa hiyo yalinunuliwa matrekta yaliyobaki jeshini, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, ikamaliza meno ya mashine. Spea zilikuwa mbali, na mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa kama pauni milioni 36.

Waliopanga walihesabu ekari zitakazolimwa. Hawakuhesabu kwa makini siku ambazo mashine ingesimama. Neno hilo tulishike, maana litarudi.

TREKTA LA USHIRIKA

Nyumbani historia yetu ya trekta inafungamana na ushirika. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani. Chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, chenye viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, ushirika huo ulianzisha mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta. Wakulima waliweka mashamba yao pamoja, trekta likapita moja kwa moja, kisha kila mmoja akahudumia sehemu yake. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu trekta linapoteza muda na dizeli linapogeuka geuka kwenye vishamba vidogo. Hata hivyo mashamba hayo yaliishia kwenye hasara.

Sababu ya kwanza ilikuwa palizi. Trekta lilirahisisha kulima, lakini magugu yaliendelea kungojea jembe la mkono. Familia iliyokuwa ikilima ekari tatu ikalimiwa sita, na mikono ya kupalilia ikabaki ile ile, nayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikono ya mama zetu. Shamba likawa kubwa, mavuno kwa ekari yakawa madogo. Sababu ya pili ilikuwa gharama: dizeli, spea, dereva na safari za kutoka kijiji hadi kijiji zilikula zaidi ya kile ambacho pamba ya mashamba yale ingeweza kulipa.

Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Baadaye serikali ikaingilia usimamizi wake, na mwaka 1968 ikazaliwa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaeleza kwamba wakulima wengi bado wanatumia jembe la mkono, na kwamba hatua inayowafaa kwanza ni plau ya ng'ombe. Wengine walidhani anawarudisha nyuma. Tukisoma vitabu vya hesabu vya wakati ule kwa macho ya leo, tunaona alikuwa anasoma hesabu.

MIAKA YA KUKOSA SPEA

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katikati hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda. Fedha za kigeni zikawa adimu. Wenye umri kama wetu tulizaliwa au kukua katika miaka hiyo, na tunakumbuka matrekta yaliyowekwa juu ya mawe bila magurudumu, kuku wakitaga chini ya kiti cha dereva.

Hapo ndipo mafundi wetu walipozaliwa. Walichukua gia ya trekta moja wakaweka kwenye jingine. Kutoka matrekta matatu mafu walipata moja zima. Kazi hiyo haikuandikwa popote, lakini bila mikono yao leo tusingekuwa na trekta la kubishania.

Mwaka 2009 likaja Kilimo Kwanza. Matrekta mapya yaliletwa kupitia SUMA JKT na kuuzwa kwa mkopo, na pawatila zikasambazwa vijijini. Wako walionufaika. Wako pia walioshindwa kulipa, na ufuatiliaji wa madeni ukaendelea kwa miaka. Pawatila nyingi zilitoshana na udongo laini, lakini kwenye ardhi ngumu zilihemewa.

KWA NINI LA ZAMANI BADO LINAWEZA

Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975. Letu, kama mengi ya aina yake, lina injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda tatu, nguvu farasi zipatazo 45. Mfumo wake wa kuinua plau kwa haidroliki unatokana na ubunifu wa Harry Ferguson, ambaye trekta lake dogo la kijivu lilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1946 na 1956. Ndilo trekta ambalo Edmund Hillary na wenzake walilipeleka hadi Ncha ya Kusini, wakafika Januari 1958. Kiwanda cha Coventry kilichotengeneza mashine hizi kilishafungwa. Mashine bado zinatembea.

Zinatembea kwa sababu hazina kompyuta. Fundi mwenye spana, masikio mazuri na uvumilivu anaweza kujua ugonjwa wake. Na kwa kuwa India na Pakistan zimeendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo, spea zake bado zinapatikana madukani kwa bei ambayo chama kinaweza kuimudu.

Kuna jambo jingine, la ukubwa. Tuseme kweli: Ilemela si ile tuliyoiacha. Tangu tupate manispaa yetu mwaka 2012, mji umezidi kutambaa. Buswelu, Kiseke na Nyasaka, palipokuwa na mihogo sasa pana mapaa ya bati. Wanaosema trekta liuzwe wana hoja yao: watalima wapi? Lakini Sangabuye, Kayenze na Bugogwa bado kuna mashamba, ekari moja hapa, mbili pale, katikati ya mawe yetu makubwa. Trekta jipya la nguvu farasi 75 au zaidi halina nafasi ya kugeuka humo, na mkopo wake haulipiki kwa ekari hizo. Dogo la zamani linapita. Plau ya sahani ikikuta jiwe inapanda na kulivuka. Na msimu wa kulima ukiisha, tela lake linabeba samadi, maji, mchanga na matofali ya shule.

KOSA LETU

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma sisi wa hesabu.

Trekta lilipofanya kazi, kwa misimu mitatu mfululizo tuliwasomea mkutanoni kwamba limeleta faida. Mkatupigia makofi. Faida ile tukanunulia madawati, na nyingine ikasaidia misiba. Vyote vilikuwa vitu vyema. Kisha pampu ya dizeli ikaharibika, haidroliki ikaanza kuvuja, matairi ya nyuma yakaisha, na tulipofungua akaunti hapakuwa na kitu cha kutengenezea.

Sisi tuliosomea uhasibu chuo kikuu, na huko mjini tunawaandalia waajiri wetu hesabu za uchakavu wa magari kila mwaka, hatukuiandika hesabu hiyo kwa trekta la nyumbani. Tuliona ni mali ya jamii, tukadhani mali ya jamii haichakai. Ile haikuwa faida. Tulikuwa tunalila trekta lenyewe kidogo kidogo, madawati yakiwa ni matairi yake na rambirambi zikiwa ni pampu yake. Dereva hakuliharibu, wala fundi. Lilisimama kwa kosa la daftari, kosa lile lile la Kongwa na la mashamba ya ushirika: kuhesabu ekari na kusahau mashine. Tunaomba radhi.

TUNACHOPENDEKEZA

Makadirio ya fundi yako ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki pamoja na fomu ya ahadi. Lakini hatuombi mchango wa spea peke yake. Tunaomba mkutano upitishe masharti manne, na yasipopita, afadhali trekta liuzwe chuma chakavu kuliko kurudia aibu.

Kwanza, katika kila shilingi 10,000 itakayoingia, 3,000 ziende kwenye akaunti ya matengenezo ambayo hakuna kamati, msiba wala sherehe itakayoigusa.

Pili, dereva awe na daftari la saa: limeanza saa ngapi, limesimama saa ngapi, oili imebadilishwa lini. Nakala isomwe kila mwezi nyumbani, si kutumiwa sisi wa mjini tu.

Tatu, majirani wenye vishamba vinavyopakana wajiandikishe pamoja ili vilimwe kwa siku moja. Wazee wetu wa bugobogobo walilijua hili kabla ya trekta: shamba linakwenda upesi watu wakijipanga mstari.

Nne, asilimiwe mtu zaidi ya anachoweza kupalilia. Sehemu ya mchango inunue majembe ya palizi ya kukokotwa na ng'ombe, ili trekta lisiwe tena mzigo mgongoni mwa mama zetu.

Tukikubaliana hayo, sisi tunaoshika vitabu tutasoma hesabu za trekta kila mwaka katika kijarida hiki, zikiwa nzuri au mbaya. Daftari jipya limeshanunuliwa. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa ajili ya majina ya wachangiaji.