Saini Inayokubali Kipuri

Gari hubeba jina la kampuni moja, lakini sehemu kubwa ya vipuri vyake hutoka katika viwanda vya watu wengine. Ndiyo maana tangu sekta hii ilipoanza, aliyeunganisha gari amelazimika kuamua kama kazi ya mwenzake inafaa. Naamini historia ya uamuzi huo ni historia ya swali lililobadilika. Zamani mnunuzi aliuliza kama kipuri kilichoko mkononi ni kizuri. Siku hizi anauliza kama kiwanda kilichokitengeneza kinaweza kutoa kilekile kesho na mwakani. Swali hili la pili ni bora zaidi, ila halimsaidii yeyote iwapo anayepokea jibu hana uthubutu wa kukataa.

Swali la kwanza lilijibiwa kwa fahari mwaka 1908 katika uwanja wa Brooklands, Uingereza. Royal Automobile Club ilifungua magari matatu ya Cadillac kipande kwa kipande, ikavichanganya vipande vyote, kisha ikaondoa 89 na kuweka vingine kutoka akiba. Mafundi waliyaunganisha upya kwa spana na bisibisi, bila kukwangua chochote kwa tupa, na magari yakakimbia maili 500. Nyuma ya ushindi huo alikuwapo Henry Leland, mkuu wa Cadillac. Alfred Sloan, aliyekuwa akimuuzia beringi kutoka kiwanda cha Hyatt, alisimulia baadaye jinsi Leland alivyozipima kwa mikromita mbele yake na kumwonyesha kuwa hazilingani. Sloan huyohuyo akawa rais wa General Motors mwaka 1923.

Lakini mikromita ya mkaguzi hufika kosa likiwa limeshatendeka, na haiwezi kufuata maelfu ya vipuri kila siku. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya simu ya Western Electric, alichora chati iliyotenganisha tofauti za kawaida za uzalishaji na zile zenye chanzo cha kutafutwa. W. Edwards Deming alifundisha mbinu hizo Japani mwaka 1950, na magari ya Kijapani yalipozibana kampuni za Marekani, Ford ilimwita awafundishe na wao. Mwaka 1993 Chrysler, Ford na General Motors, ambazo awali kila moja ilikuwa na masharti yake, zilitoa utaratibu mmoja wa kuidhinisha vipuri uitwao PPAP. Kabla ya kuanza kuuza, msambazaji huendesha mashine zilezile, kwa kasi ileile ya kila siku, hadi apate kwa kawaida vipuri visivyopungua 300 mfululizo. Huwasilisha sampuli, vipimo, majaribio ya malighafi, na ushahidi kwamba hata chombo cha kupimia kinaaminika. Akibadilisha malighafi au muundo, sharti aarifu na aombe idhini upya.

Wapo wanaosema haya ni makaratasi yanayowaelemea wasambazaji wadogo, na kwamba Toyota ilijenga ubora kwa uhusiano wa miaka mingi. Gharama hiyo ni kweli. Hata hivyo, uhusiano wa miaka mingi nao ni ushahidi uliokusanywa polepole; msambazaji mpya hana historia hiyo, na faili lake ndilo linalomsemea. Pingamizi zito zaidi linatoka General Motors yenyewe. Mwaka 2002 swichi ya kuwashia gari iliyotengenezwa na msambazaji wake, Delphi, iliidhinishwa ilhali nguvu ya kuizungusha ilikuwa chini ya kiwango cha General Motors. Ufunguo uliweza kuteleza gari likiwa mwendoni, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke. Mwaka 2006 swichi ilirekebishwa bila kubadilishiwa namba, hivyo wachunguzi wakakosa alama ya kuwaonyesha kuwa kuna kilichobadilika. Magari yalianza kurudishwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali vifo 124.

Mkasa huo hauthibitishi kwamba utaratibu hauna maana. Vipimo vilisema ukweli. Aliyetakiwa kusema hapana alisema ndiyo. Kwa hiyo kampuni inayotaka vipuri salama isijivunie unene wa mafaili yake. Imlinde mhandisi anayekataa kutia saini, hata kama kukataa huko kutachelewesha gari jipya kuingia sokoni.