Kutoka Dinamo Hadi Lithiamu: Nani Anaiua Betri Yako?

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa daraja la Makupa, lile lililofunguliwa mwaka 2022, Kibarani ndiyo inayokupokea. Kwa miaka mingi mahali hapa palijulikana kwa jaa la taka kando ya mkono wa bahari. Jaa limeshafungwa na miti ikapandwa, lakini malori hayajaondoka. Dereva na utingo wake wakisubiri zamu ya bandarini hulala ndani ya lori, wakachaji simu, wakawasha taa na feni usiku kucha. Wenzetu wa Ulaya wana karavani za kwendea likizo. Karavani yetu sisi ni kichwa cha lori. Tatizo ni moja kwa wote: asubuhi unazungusha ufunguo, gari linasema "tik", halafu kimya.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si fundi wa umeme wa magari. Lakini nilipoanza kusoma historia ya chaji nilikuta mambo niliyoyazoea: ni historia ya kuifundisha mashine lini ianze na lini iache. Basi leo tuipitie pamoja.

Betri ya risasi tunayoitumia hadi leo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Aliweka vipande viwili vya risasi ndani ya tindikali, akagundua kwamba umeme ukiisha unaweza kuurudisha. Mwaka 1881 Camille Faure, Mfaransa mwingine, akapaka uji wa risasi juu ya sahani hizo na betri ikabeba umeme mwingi zaidi. Kwenye magari mambo yalibadilika mwaka 1912, Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Starta ikala betri, na dinamo ikapewa kazi ya kuilisha.

Dinamo ilikuwa mvivu. Injini ikizunguka polepole, kama kwenye foleni, haikutoa kitu cha maana. Msimamizi wake alikuwa kisanduku chenye koili na visahani vya chuma: volti zikizidi kinaachia, zikipungua kinashika. Ukiniuliza mimi, hiyo ni programu ya mstari mmoja, "kama hivi, fanya vile", iliyoandikwa kwa chuma badala ya kibodi. Miaka ya 1960 alteneta ikachukua nafasi ya dinamo, kwa sababu dayodi za silikoni zilikuwa zimeshakuwa ndogo na rahisi. Alteneta hutoa umeme hata injini ikiwa imetulia.

Hapo ndipo watu wakapata tamaa ya betri ya pili: moja ya kuwashia gari, nyingine ya nyumba. Mafundi waliziunganisha kwa rilei. Injini ikiwaka zinashikana, ikizimwa zinaachana, nawe ukimaliza ya nyumba bado utawasha gari. Wazo zuri, lakini waya ukaliharibu. Chukua betri iliyo mita 6 kutoka kwa alteneta, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, na umeme wa ampea 30. Kwenda na kurudi ni mita 12, na volti moja nzima inapotea njiani. Alteneta inatoa 14.2, betri inaonja 13.2. Tumia waya wa milimita 25 za mraba na hasara inashuka hadi robo ya volti hivi.

Kwa nini volti moja iwe kelele? Betri ya risasi isiyojaa huota fuwele za salfati kwenye sahani zake. Ukiiacha hivyo siku nyingi, fuwele zinakuwa ngumu na hazirudi tena. Betri haifi kwa sababu imezeeka. Inakufa kwa kushinda njaa kila siku.

Kosa hili tulilirudia majumbani. Kabla ya sola, familia nyingi za Kenya zilikuwa zikipeleka betri ya gari sokoni kuchajiwa, kisha zinairudisha nyumbani iwashe redio na televisheni. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris, pamoja na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins, waliweka sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Mlima Kenya, na biashara ya sola ikaanza kuenea. Lakini miaka ya 1990 paneli nyingi ndogo zilifungwa moja kwa moja kwenye betri bila kidhibiti chochote, ili kupunguza gharama. Mtu aliokoa pesa za kidhibiti, akanunua betri mpya baada ya muda mfupi.

Chaja za kisasa zina akili zaidi. Zinapeleka umeme kwa hatua tatu: kwanza kwa nguvu zote, kisha zinashikilia volti kama 14.4 hadi betri ishibe, halafu zinashuka hadi 13.6 hivi na kuilinda. Chaja nzuri hupima na joto pia. Betri ya nyuzi 35, na Mombasa hizo si kitu, inataka volti pungufu kwa 0.2 au 0.3 kuliko ya nyuzi 25, la sivyo inakaushwa maji.

Sasa kila mtu anataka lithiamu. Aina inayofaa nyumba za magurudumu, ile ya chuma na fosfeti, ilitoka katika maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990. Ni nyepesi, unaweza kutumia asilimia 80 ya umeme wake bila wasiwasi, na inachajiwa mara elfu kadhaa. Lakini usiichomeke tu mahali pa ile ya zamani. Inavuta umeme bila adabu, na alteneta inayozunguka polepole inaweza kuungua. Kati yake na alteneta weka chaja ya betri kwa betri, inayoweka kikomo cha ampea.

Na ile ya zamani itakwenda wapi? Ukishika Barabara ya Nairobi kutoka Kibarani, kilomita chache tu mbele, utafika karibu na kijiji cha Owino Uhuru. Hapo palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Moshi na maji yake machafu viliingia mitaani. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana sumu ya risasi mwilini. Akapigana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kwa hiyo wadau, kila betri inayouawa na waya mwembamba au chaja isiyo na akili ni kilo kadhaa za risasi ambazo lazima mtu aziyeyushe, mahali ambapo mtu mwingine analala. Kama una pesa kidogo ya kuboresha gari lako, anza na waya mnene na fyuzi, kisha chaja, na betri mpya iwe mwisho. Betri ya zamani usiimwage tindikali shimoni wala kumpa yeyote anayepita na mkokoteni. Irudishe dukani, na uulize inakopelekwa.